Pointi za uhai na uponyaji katika michezo ya kuigiza ya mezani: mwongozo kamili, kuanzia dadu ya kwanza hadi kufufua maiti

Mpiganaji wako, mhusika unayemchezesha mezani, ana pointi 49 za uhai. Jitu linamtandika rungu la pointi 13, anabaki na 36. Zamu yake ikifika anapigana kama alivyokuwa akipigana mwanzo: hachechemei, mkono hautetemeki, upanga haujapungua makali. Raundi chache baadaye, akiwa amebakiwa na pointi 4, kishale cha pointi 5 kinamgusa, na papo hapo yuko chini, hajitambui. Mgeni wa michezo hii lazima aulize: rungu la jitu halikumfanya kitu, ila kishale ndicho kilichomwangusha?

Ndivyo ilivyo. Katika zile pointi 49 ni moja tu iliyokuwa ikimweka wima, nayo ni ya mwisho. Nyingine 48 zilikuwa umbali wa kuifikia. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayowachanganya wachezaji wapya yatajipanga yenyewe: lini uponye, lini uache kuponya, nani anywe dawa kwanza, na kwa nini kasisi mzoefu, yule mponyaji wa kundi, anamwangalia mwenzake anavuja damu huku yeye akiendelea kupiga.

Mifano mingi hapa naitoa kwenye Dungeons & Dragons toleo la 5, lililotoka mwaka 2014 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2024, kwa kuwa ndilo linalojulikana kwenye meza nyingi. Michezo mingine nitaigusa baadaye. Nikiandika d10, namaanisha dadu ya pande 10. 2d4+2 ni dadu mbili za pande 4, jumla yake uongeze 2. Tutakuwa na watu watatu njia nzima: Kombo mpiganaji, Sauda kasisi, na Jabu mchawi.

Hatua ya 1: Jua unachokihesabu

Pointi za uhai hazikuanzia kwenye miili ya watu, zilianzia kwenye michezo ya vita. Katika kanuni za Chainmail za mwaka 1971, askari wa kawaida alikufa kwa pigo moja, na shujaa alihitaji mapigo manne. Dave Arneson, mmoja wa waasisi wawili wa Dungeons & Dragons, aliona wachezaji wake hawapendi kumpoteza mhusika kwa bahati mbaya ya dadu moja. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikwenda kuazima wazo kwenye kanuni za vita vya manowari: meli haizami kwa kombora moja, inahesabiwa makombora. Mwaka 1974 yeye na Gary Gygax walipouchapisha mchezo wao, hesabu ya meli ilikuwa imeshavishwa watu.

Asili hiyo inaeleza mengi. Miaka mitano baadaye, katika kitabu cha mwongozaji (yule anayeuendesha mchezo) cha mwaka 1979, Gygax aliandika waziwazi kwamba si busara kudhani mtu anaweza kuchomwa upanga mara zote hizo akabaki hai. Sehemu ndogo tu ya pointi ni nyama na mifupa. Zilizobaki ni ustadi wa kukwepa, bahati, pumzi, hata mkono wa miungu. Kombo wa ngazi ya 5 ya uzoefu hana damu mara nne ya aliyokuwa nayo ngazi ya 1. Amejifunza kuinamisha kichwa.

Nilichelewa kulielewa hili. Siku moja, nikiwa mwongozaji, nilimwambia mchezaji kwamba mshale umepenya koo lake ukatokea upande wa pili. Alipoteza pointi 6 kati ya 40. Akaniuliza kwa utulivu kabisa: "Sasa naongeaje?" Meza nzima ikacheka, nami sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sichomi koo la mtu mwenye pointi 34.

Hatua ya 2: Hesabu za mwanzo

Kila daraja la mhusika, yaani kazi yake, lina dadu yake ya uhai. Wachawi wa aina ya Jabu wana d6. Makasisi, wezi, manju na druidi (makuhani wa mwituni) wana d8. Wapiganaji, paladini (wapiganaji wa kiapo kitakatifu) na walinzi wa mwituni wana d10. Mpiganaji wa hasira, yule anayeingia vitani kifua wazi, ana d12.

Ngazi ya 1 hutupi dadu: unachukua namba kubwa kabisa ya dadu yako, unaongeza kiongezo cha ustahimilivu. Kiongezo hicho unakipata kwa kuchukua alama ya ustahimilivu, kutoa 10, kugawa kwa 2 na kushusha chini. Kombo ana ustahimilivu 16, kiongezo chake ni 3, kwa hiyo anaanza na 13. Sauda ana 14, kiongezo 2, anaanza na 10. Jabu ana 12, kiongezo 1, anaanza na 7. Itazame hiyo 7 vizuri, tutairudia.

Kila ngazi inayofuata una hiari: utupe dadu, au uchukue namba iliyopangwa, ambayo ni 4 kwa d6, 5 kwa d8, 6 kwa d10 na 7 kwa d12. Halafu kiongezo chako juu yake. Wachezaji wengi hutupa kwa sababu kutupa kuna raha, na mimi siwanyimi raha yao, lakini hesabu haiko upande wao. Wastani wa d10 ni 5.5, na namba iliyopangwa ni 6. Dadu zote ziko hivyo. Ukichukua iliyopangwa unapata nusu pointi zaidi kila ngazi na hulali na moja mkononi. Kwa njia hiyo, ngazi ya 5 Kombo ana 13 + (4 × 9) = 49, Sauda ana 10 + (4 × 7) = 38, na Jabu ana 7 + (4 × 5) = 27.

Jambo moja husahaulika sana: kiongezo cha ustahimilivu kikipanda baadaye, kinalipa na ngazi zilizopita. Kombo akifika 18 akiwa ngazi ya 8, anapata pointi 8 kwa mkupuo. Fungua karatasi yako uangalie kama hukujidhulumu.

Hatua ya 3: Kupunguza bila kukosea

Pigo likikupata, usikimbilie kufuta namba. Fuata mpangilio huu: kwanza toa vipunguzo vya namba kamili, halafu gawa kwa mbili kama una ukinzani dhidi ya aina hiyo ya dhara, halafu zidisha mara mbili kama una udhaifu dhidi yake. Chukua moto wa pointi 23 unaomfika mtu mwenye kinga ya kupunguza 4 na ukinzani wa moto. 23 toa 4 ni 19, nusu yake ukishusha chini ni 9. Ukigeuza mpangilio utapata 7, na mwongozaji makini atakurudisha.

Halafu kuna pointi za uhai za muda, ambazo mezani huleta ugomvi kuliko joka. Hizi ni ngozi ya juu. Dhara linakula hizo kwanza, linalobaki ndilo linaingia kwenye uhai wako halisi. Hazijumlishwi: kama una 5 na umepewa 8, unachagua moja, hupati 13. Haziponyi, na hazimwamshi aliyezimia. Ukimpa pointi 8 za muda mtu aliye kwenye sifuri, atabaki amelala palepale, ila amefunikwa blanketi zuri. Kwa sababu hiyo zigawe kabla ya vita.

Kwa wenye sihiri za kushikiliwa kwa umakini: kila ukipigwa, tupa d20 ya ustahimilivu uone kama sihiri inaponyoka. Lengo ni 10 au nusu ya dhara, lile lililo kubwa. Pigo la 9 lengo lake ni 10, pigo la 26 lengo lake ni 13.

Ushauri wa kalamu: andika dhara ulilopata, usiandike uhai uliobaki. Kujumlisha 13 na 5 na 7 katikati ya kelele ni rahisi kuliko kutoa, na makosa yanafuatilika.

Hatua ya 4: Unapofika sifuri

Katika mchezo wa kwanza wa 1974 sifuri ilikuwa kifo, basi. Toleo la 3, la mwaka 2000, lilikuruhusu kushuka chini ya sifuri: kati ya -1 na -9 unakata roho polepole, ukifika -10 umekwenda. Toleo la 5 limefuta namba hasi kabisa. Ukifika sifuri unazimia, unaanguka, unaachia ulichoshika, na kila zamu yako unatupa d20 ya kujiokoa na mauti. Hapa hakuna kiongezo cha kawaida. Ukipata 10 au zaidi ni alama njema, chini ya hapo ni alama mbaya. Njema tatu, hali yako imetulia. Mbaya tatu, umekufa. Moja tupu inahesabiwa mbaya mbili, na 20 tupu inakuamsha na pointi 1 papo hapo.

Nimezipiga hizo hesabu mpaka mwisho. Mtu aliyeanguka, asiyeguswa na adui wala kusaidiwa na mwenzake, anaponea karibu mara 60 katika 100. Watu wakisikia hivyo hutulia: ngoja tumalize hili jitu kwanza. Lakini ukipata dhara lolote ukiwa sifuri unapewa alama mbaya moja bure, na nafasi yako inashuka hadi karibu 42. Adui aliye hatua moja nawe akikupata, pigo lake linahesabiwa moja kwa moja kuwa pigo kuu, yaani kali kuliko la kawaida, na pigo kuu ni alama mbaya mbili. Hapo umebakiwa na nafasi 21 katika 100. Kwa hiyo swali la kuuliza mwenzako anapoanguka ni nani amesimama juu yake. Kama hakuna mtu, mna muda. Kama kuna fisi mwenye njaa, hamna.

Na kuna kifo cha ghafla. Dhara likikufikisha sifuri na kilichobaki kikawa sawa na uhai wako wote wa juu kabisa, au kikazidi, hutupi dadu yoyote. Sasa mrudie Jabu wa ngazi ya 1 mwenye 7. Amebakiwa na 3, jitu linampata kwa 13. Tatu zimekwenda, kumi zimebaki, na kumi ni zaidi ya saba. Jabu amekufa akiwa bado ameshika kijiti chake. Kombo wa 49 hawezi kufa hivyo kwa rungu hilo, ila Jabu anaweza siku yoyote. Ngazi za chini zinaua wachawi kuliko ngazi za juu zinavyoua mtu yeyote, na huo ni ushahidi wa macho yangu.

Hatua ya 5: Kuponya katikati ya vita

Watu husema kinga ni bora kuliko tiba, na kwenye meza hii usemi huo una hesabu zake.

Sauda ana sihiri ya kutibu majeraha kwa kugusa. Kwa kanuni za 2014 inarudisha 1d8 na kiongezo chake, tuseme 3, wastani wake pointi 7.5. Jitu la kawaida likipiga rungu linatoa 2d8+4, wastani 13. Sauda akitumia zamu nzima na nafasi moja ya sihiri (anazo chache kwa siku) kumtibu Kombo, amefuta nusu ya pigo moja. Jitu halijapungukiwa kitu. Raundi inayofuata wako palepale, ila Sauda ana sihiri moja pungufu. Kanuni za 2024 zimeongeza tiba hiyo hadi 2d8, wastani 12 pamoja na kiongezo, yaani sasa wanakaribia kutoka sare. Sare na kitu ambacho hakichoki si ushindi. Zamu ambayo Sauda angeitumia kulimaliza jitu ingezuia 13 zote za raundi ijayo na ijayo tena.

Sasa tazama upande wa pili. Kombo ana 4. Sauda anamtibu 7, anafika 11. Jitu linapiga 13: Kombo yuko chini. Tiba yote imepotea. Rudisha mkanda: Sauda anaacha kutibu, analipiga jitu. Jitu linampiga Kombo mwenye 4, yuko chini. Hizo 9 zilizozidi zimekwenda wapi? Hazikwenda popote. Sifuri haina deni. Sauda anamtibu sasa, Kombo anaamka na 7, anasimama, anapiga. Sihiri ileile moja: mara ya kwanza haikununua kitu, mara ya pili imenunua zamu nzima ya mpiganaji. Ndiyo maana kasisi mzoefu anakuangalia unavuja damu. Hana roho mbaya, anasubiri.

Kwa kazi hiyo ya kuamsha, sihiri bora ni neno la kuponya. Kwa kanuni za 2014 linarudisha 1d4 tu na kiongezo, ila linafika futi 60 kwa yeyote unayemwona, na ni tendo la nyongeza. Sauda anasema neno, Kombo anafungua macho, na Sauda bado ana tendo lake la kupiga rungu au kutumia sihiri ndogo isiyo na gharama. Aliyeanguka haulizi amepewa 4 au 14. Anauliza kama yumo kwenye raundi.

Ila kuna mtego, nao ni mpangilio wa zamu. Kabla ya kumwamsha mtu soma orodha ya zamu. Kama inakwenda jitu, Sauda, Kombo, vizuri: anaamka na zamu yake inafuata. Kama inakwenda Sauda, jitu, Kombo, umemwamsha ili apigwe tena kabla hajasema lolote, maana amelala chini na adui wa karibu ana fursa ya ziada dhidi ya aliyelala. Hapo Sauda ana mambo matatu ya kuchagua. Anaweza kuandaa tendo: "jitu likishapiga, namgusa Kombo." Neno la kuponya haliandaliki kwa sababu ni tendo la nyongeza, ila tiba ya kugusa inaandalika. Anaweza kumvutia jitu kwake. Au anaweza kumwacha Kombo alale raundi moja, akijua zile nafasi 60 katika 100, endapo hakuna anayemkanyaga.

Mara nyingine ni sahihi kutibu kabla ya kuanguka. Ya kwanza ni Jabu na kifo cha ghafla: yeyote ambaye pigo moja linaweza kummaliza moja kwa moja, mtibu sasa. Ya pili ni mwenye sihiri ya umakini iliyolishika pambano zima, kwa sababu akizimia sihiri inazimika naye. Ya tatu ni pale adui ana mapigo mengi kwa zamu moja: la kwanza linakuangusha, la pili na la tatu yanakukuta chini. Hapo akiba ya pointi 10 ni ukuta kweli.

Kuanguka na kuinuka, kuanguka na kuinuka, kuna waongozaji kunawaudhi, na sishangai. Vita hugeuka mchezo wa kitenesi. Meza nyingi humpa anayeinuka kiwango kimoja cha uchovu kila anapoanguka. Nyingine hutupa dadu za mauti kwa siri, mwenye mhusika na mwongozaji tu ndio wanaojua. Hii ya pili naipenda zaidi. Haimwadhibu mtu, ila wenzake wakikosa kuona alama mbaya ngapi zimeingia, wanakimbia badala ya kupiga hesabu.

Hatua ya 6: Panga vifaa, hata kama mna kasisi

Kichupa cha dawa ya kuponya kinarudisha 2d4+2, wastani 7, na bei yake kwenye orodha ya vifaa ni sarafu 50 za dhahabu. Kwa kanuni za 2014 kukinywa ni tendo zima, kwa za 2024 ni tendo la nyongeza. Kila mtu awe nacho kimoja, na kila mtu aseme kiko wapi. Dawa iliyo chini ya gunia la Kombo haimsaidii Kombo aliyezimia. Kazi ya kichupa changu ni mwenzangu aninyweshe mimi.

Sanduku la mganga lina matumizi 10, na kila moja hutuliza hali ya aliyeanguka bila kutupa dadu. Bila sanduku unatupa d20 ya utabibu na lengo ni 10. Kumbuka kwamba kutulia si kuamka: aliyetulia anabaki amezimia kwenye sifuri, na anapata pointi 1 baada ya saa 1d4.

Paladini ana hazina ya kuponya kwa mikono, pointi 5 kwa kila ngazi, naye huigawa anavyotaka. Ngazi ya 4 ana 20. Wapya huzimwaga zote kwa mtu mmoja mwenye majeraha mengi. Mwenye akili anajua kwamba 20 hizo ni watu 20 walioinuliwa kwa pointi mojamoja. Matunda ya druidi ni mantiki hiyohiyo: nafasi moja ya sihiri, hadi matunda kumi, kila moja pointi 1.

Hatua ya 7: Kupona baada ya vita

Kosa la makundi mengi ni kutumia sihiri za kasisi kuwarudisha watu kwenye uhai kamili mara tu vita vinapoisha, halafu pango linalofuata linawakuta hawana neno hata moja la kuwaamsha. Baada ya vita tumia kwanza kilicho bure.

Pumziko fupi ni saa moja. Ndani yake unatumia dadu zako za uhai, zile zile za Hatua ya 2, moja kwa kila ngazi. Unatupa, unaongeza kiongezo cha ustahimilivu, unarudisha. Kombo wa ngazi ya 5 ana d10 tano, kila moja wastani 8.5. Akiwa amepoteza 30, dadu tatu zitamrudishia kama 25. Tupa moja, angalia, kisha uamue kama unatupa nyingine. Hulazimiki kuzitangaza zote mwanzoni. Kama mna saa moja, kaeni saa moja. Makundi yanayoona aibu kupumzika hufa mapema.

Pumziko refu ni saa 8, na hupati zaidi ya moja ndani ya saa 24. Linarudisha uhai wote. Dadu za uhai zilizotumika, kanuni za 2014 zinarudisha kiasi cha nusu ya jumla ya dadu zako. Za 2024 zinarudisha zote. Kama huo wepesi unakukera, kitabu cha mwongozaji cha 2014 kina kanuni ya hiari ambapo pumziko fupi ni saa 8 na refu ni siku 7. Inafaa simulizi za safari ndefu na siasa. Usiipeleke kwenye pango lenye vyumba 30.

Zamani hali ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Toleo la 3 lilirudisha pointi moja kwa kila ngazi kwa usiku mmoja, kwa hiyo wachezaji walinunua kijiti cha tiba ndogo: sarafu 750, matumizi 50, kila moja 1d8+1. Piga hesabu, ni kama pointi 275 kwa kijiti kimoja. Makundi yalitembea navyo kama maji ya kunywa. Toleo la 4, la mwaka 2008, likaja na hazina ya uponyaji ndani ya kila mhusika, kila sehemu robo ya uhai wake, na hapo ndipo wapiganaji walipoacha kumtegemea kasisi kwa kila mchubuko.

Ukihama mchezo

Usibebe mazoea. Pathfinder toleo la 2, la mwaka 2019, halitupi dadu za uhai kabisa: binadamu anapata 8 kwa asili yake, mpiganaji 10 kwa kila ngazi, pamoja na ustahimilivu. Mpiganaji wa ngazi ya 1 mwenye kiongezo 3 ana 21. Muhimu zaidi, sifuri ya huko ina deni. Ukianguka unaingia kwenye hali ya kufa, kiwango cha 1, au cha 2 kama ni pigo kuu, na kiwango cha 4 ndicho kaburi. Ukiinuliwa unabaki na alama ya jeraha, na ukianguka tena alama hiyo inaongezwa kwenye kiwango unachoanzia. Ujanja wa Sauda wa kusubiri mwenzake aanguke utaua watu huko. Badala yake nje ya vita wana tiba ya mikono: dakika 10, lengo 15, inarudisha 2d8 bila sihiri yoyote, kisha kwa kawaida mgonjwa hatibiwi tena hivyo mpaka saa moja ipite.

RuneQuest, tangu 1978, inagawa uhai kwa viungo: mkono una pointi zake, mguu zake, kichwa zake. Mkono ukiisha unaangusha ngao. Hapo ile hadithi ya koo kuchomwa ina haki yake, na silaha ya mwilini hunywa dhara badala ya kukufanya uwe mgumu kupigwa. Katika Dungeon World, ukifika sifuri unatupa 2d6 mbele ya Mauti yenyewe: 10 na zaidi umeponyoka, 7 hadi 9 Mauti anakupa masharti, chini ya hapo safari imeiva.

Kwa mwongozaji

Eleza dhara kwa kuangalia asilimia ya uhai uliobaki, usiangalie ukubwa wa namba. Juu ya nusu: ngao inatetemeka, pumzi inakatika, kofia inaruka. Chini ya nusu: damu ya kwanza inaonekana. Pigo linalofikisha sifuri ndilo pekee linaloingia mwilini kweli. Na waambie wachezaji adui anapovuka nusu. Toleo la 4 lililifanya hilo kuwa kanuni yenye jina lake na marekebisho ya 2024 yameirudisha. Mchezaji asiyejua kama joka limechoka au limeanza kupashwa moto hawezi kuamua kama aponye au apige, na uamuzi huo ndio mchezo wenyewe.

Hatua ya mwisho: Maiti

Kuanzia ngazi ya 5 Sauda anaweza kumrudisha aliyekufa ndani ya dakika moja, yaani raundi 10. Mtu anarudi na pointi 1. Sihiri hiyo inateketeza almasi ya sarafu 300, na bila almasi hakuna mazungumzo. Ngazi ya 9 anapata ile ya kufufua hadi siku 10 baada ya kifo, kwa almasi ya sarafu 500, na aliyerudi anakuwa mzito: anatoa 4 kwenye dadu zake za d20 za kushambulia, kujiokoa na kujaribu mambo, na kila pumziko refu linapunguza moja.

Raundi 10 ni nyingi ukizisoma, ni chache sana vita vikiwa bado vinaendelea. Kwa hiyo anza kuzihesabu kwa sauti pale mtu anapokufa, weka dadu ya pande 10 katikati ya meza na uigeuze kila raundi. Na almasi isikae kwa Sauda peke yake. Akifa yeye mbali, mnahitaji mtu mwingine mwenye sihiri hiyo na jiwe la pili. Andikeni kwenye karatasi ya kundi zima liko kwenye mfuko wa nani.